Kaburi la Mgomba

Kanuni yangu ya kazi ni moja. Kabla ya kushona kitabu ninahesabu kurasa zake, na nikishakishona ninazihesabu tena. Haziongezeki wala hazipungui. Ninajalidi vitabu hapa Kasongo katika chumba chenye dirisha moja na meza mbili, na kwa kuwa shule niliyosoma ilikuwa fupi, mengi ninayoyajua nimeyapata kwenye kurasa nilizopewa nizipange. Mwezi uliopita mwalimu mgeni wa shule ya sekondari aliniletea magazeti ya sinema ya Kifaransa, ya miaka miwili, akitaka niyafanye kitabu kimoja kinene. Katika toleo la saba nilikuta makala ya mtu ambaye, kwa jinsi anavyoandika, hajawahi kukanyaga Maniema kwetu. Anasema filamu ina mtunzi mmoja tu, naye ni mwongozaji, kama vile kitabu kina mwandishi mmoja. Wachezaji, mashine, hata hadithi yenyewe, vyote ni wino wake. Mfano wake mkubwa ni filamu fupi iliyopigwa kwetu wakati wa Wabelgiji. Pamoja na makala kuna picha: mwanamke amepiga magoti kando ya kaburi, jua limemwangukia begani, na mkeka uliofungwa kamba unashushwa shimoni. Maelezo chini ya picha yanasema kwamba hakuna kitu ndani yake ambacho hakikutoka katika kichwa cha mtu mmoja. Pembeni, upande wa kushoto, kuna mkono ulioshika kamba. Mkono huo ni wangu. Niliweka gazeti mezani. Kisha nikaanza kupanga toleo la nane.

Mwanamke wa kwenye picha aliitwa Mwavita. Alikufa majuma matatu kabla ya magazeti kunifikia, kijijini kwake, njia ya Wamaza, na nilikwenda kumzika ingawa hakuna aliyeniita. Mtu mwenye adabu angeyaandika haya wakati yeye yu hai. Mimi nilingoja mpaka mgeni akaniletea picha yake kwenye karatasi laini, bila jina.

Mwaka ule wa filamu nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu msaidizi wa darasa la pili, na nilikuwa nimeandika hadithi katika kaye mbili, madaftari ya shule. Ilimhusu mtu aliyekwenda kuchimba dhahabu Salamabila, akarudi na kikohozi. Majirani wakashutumiana uchawi mpaka alipokufa, wakapatana kaburini. Sikuwa nimewahi kuona hadithi iliyoandikwa na mtu wa kwetu, kwa hiyo nilidhani yangu ni ya kwanza duniani. Kiangazi kilipoanza akaja mzungu na lori la sinema. Kazi yake ilikuwa kupiga filamu za mafundisho kwa watu weusi: kunawa mikono, kuchimba choo, kukubali sindano. Jina lake limo katika makala ile mara kumi na moja. Mimi nitamwita kama walivyomwita watu, Bwana Jua, kwa sababu toka asubuhi mpaka jioni alitembea akitazama juu, kiganja juu ya macho, akipiga ulimi kila wingu lilipopita. Lukali, dereva wake, ambaye pia aliendesha mashine ya kuonyesha picha, aliniambia siku ya kwanza: "Huyu, Mwalimu, kama angeweza kulitoza jua kodi, jua lingekimbilia Tanganyika." Bwana Jua alisikia habari za kaye zangu, akanitaka nimfasirie kwa Kifaransa, akasikiliza jioni tatu. Kisha akaniajiri. Filamu zake hazikuwa na sauti. Mtu alisimama kando ya kitambaa cheupe kilichopokea picha, na mikrofoni, akawaeleza watazamaji kwa Kiswahili wanachokiona. Mtu huyo ningekuwa mimi. Na mwanzoni mwa filamu, alisema, yangeandikwa majina mawili, lake na langu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nikikumbuka jinsi nilivyotikisa kichwa, mara tatu au nne mfululizo kama mjusi kwenye ukuta, ninaona kinyaa mpaka leo.

Tulikaa Nyangwe wiki tatu kupiga picha za wavuvi. Nyumba ya wageni ya serikali ilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa matete, umepakwa udongo upande mmoja tu, upande wa Bwana Jua. Mimi nililala na makopo ya filamu, ambayo yalinuka dawa, nikaamka kila siku na ladha ya msumari mdomoni. Bwana Jua alikula mezani: kuku, wali, na sardini za kopo, ambazo alizinywa mpaka mafuta yake. Mimi na Lukali tulikula bukari, ugali wa kwetu, na samaki nyuma ya lori. Jioni moja daktari wa kambi ya machimbo akaja kumtembelea. Walikula, na mimi nilikuwa upande wa pili wa matete, kaye magotini. Nikamsikia Bwana Jua akisema wazo lilimjia hapa hapa, akiutazama mto: mtu anayerudi nyumbani na kifo chake kifuani, kama anayewaletea watu wake zawadi. Sentensi hiyo iko katika kaye yangu ya kwanza, ukurasa wa tisa. Daktari akasema ni wazo zuri sana, lakini kikohozi cha machimbo si kitu cha kuwaonyesha watu. Kwa nini mtu huyo asiwe mlevi aliyekimbia sindano? Vijiko vikagonga sahani kidogo. Bwana Jua akasema, ndiyo, mlevi, nilikuwa nikifikiria hivyo hivyo. Mtu angetarajia kwamba niliinuka, au angalau nilikasirika. Nilifurahi. Daktari mzungu alikuwa amesifu sentensi yangu, na niliona kuwa hilo linatosha kwa jioni moja. Lukali aliingiza kichwa mlangoni, akanong'ona: "Wanasema nini?" "Wanasifu hadithi." "Wanamusifu nani?" Nikamwambia azime taa, mbu wanaingia.

Hadithi sasa ilihitaji kaburi, na wachezaji tuliowachukua hawakujua kulia. Ndipo Lukali aliporudi kutoka kununua mihogo njia ya Wamaza, akasema kuna msiba katika kijiji fulani: mtu aliyerudishwa kutoka Salamabila na kikohozi amekufa asubuhi ile. Bwana Jua alisema kwa Kifaransa, "Tuna bahati," akaamuru lori lipakiwe. Tulifika saa nane. Marehemu alikuwa amelazwa ndani. Nje wanawake wamekaa chini, wanaume wanachimba. Kaka yake mkubwa, Feruzi, alinisikiliza akiwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, kisha akasema neno si lake, nimuulize mjane. Mwavita alikuwa na umri wangu. Alinikaribisha kwenye kijichumba cha jikoni, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Chungu cha mawese kilikuwa bado mekoni, hakuna aliyekumbuka kukiondoa, na alizungumza nami huku akikikoroga.

"Hiyo picha yenu mutaionyesha wapi?"

"Kasongo, Kabambare, kila mahali, dada."

"Na Salamabila? Kule kambini?"

"Na kambini pia."

Akavuta ukuni mmoja nje ya moto. Kisha akanieleza. Mume wake alipokwenda kutafuta kazi, kitabu chake cha kodi kilikuwa kimepotea, akaingia na kitabu cha binamu yake. "Miaka mitano wamemwita Yuma. Rafiki zake wote wa kule, Yuma. Namba shingoni, na Yuma. Alipougua, gari lilimurudisha Yuma. Mume wangu, Mwalimu, kule hajafika hata siku moja." Akaipua chungu. "Nataka wamujue."

Katika kijiji chao kaburi halifungwi kimya. Kabla ya udongo kurudishwa, mtu wa ukoo hutaja jina la marehemu, jina la baba yake, na kazi ya mikono yake. Bila hivyo, wanasema, umefukia shimo, hukuzika mtu. Mwavita hakuwa amewahi kuona sinema, lakini aliielewa kwa haraka kuliko mimi. "Kama picha inaonyesha kaburi linafungwa," alisema, "basi kila siku mukiionyesha, mutalifunga tena. Kila mara lazima atajwe. Ni nani atasema mbele ya watu?"

"Ni mimi."

"Basi utamutaja weye."

"Nitamtaja."

Nilikwenda kumweleza Bwana Jua sharti hilo. Alijibu ndiyo, ndiyo, akiwa ametazama juu. Mbingu ilikuwa imefunga.

Walipomtoa marehemu, wanawake walianza kulia. Bwana Jua akainua mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Hapana kulia sasa. Ngoja jua." Nao wakaacha. Hicho ndicho kilichonishangaza zaidi, kwamba waliacha. Mmoja alibaki na kwikwi, akijiziba mdomo kwa kitenge. Tulisimama hivyo, mkeka mabegani mwa watu wanne, mpaka Feruzi akasema maiti hangoji mawingu. Wakamshusha. Feruzi akataja, si kwa sauti kubwa, jina, jina la baba, na kazi: msuka migono, ile mitego ya matete ya samaki. Wakarudisha udongo, wakaukanyaga. Mashine ya kupiga picha haikuwashwa hata kidogo. Na udongo wa mwisho ulikuwa bado haujapigwa vizuri, jua likatoka, jeupe, likajaza uwanja mzima. Bwana Jua akaniambia niwaombe wautoe udongo, wafanye tena.

Nililifasiri neno hilo. Feruzi kwanza alicheka. "Mwalimu, Kifaransa chako kimeoza. Muulize tena." Nikamuuliza tena, mbele yake. Feruzi akaacha kucheka, akashika jembe kwa mikono miwili, na vijana wakasogea karibu naye. Hapo filamu ingeweza kufia, nasi tukaondoka na aibu ya kawaida. Gazeti linasema kila kitu kilitoka katika kichwa cha mtu mmoja, na kwa jambo lililofuata ni kweli, isipokuwa kichwa hicho kilikuwa changu. Ni mimi niliyesema tuchimbe kaburi lingine, kando, na tuzike mgomba. Bwana Jua hakujua mgomba una uzito gani. Mimi nilijua: magogo mawili ya mgomba, yamefungwa pamoja, hulemea mabega kama mtu aliyekonda. Nilikuwa nimeshayafikiri hayo yote, mpaka urefu wa kamba, kabla sijafikiri ninafikiri nini.

"Shimo tupu halilali," Feruzi aliniambia. "Linangoja mutu. Huyu muzungu hajui. Weye unajua."

Vijana walikataa kuchimba. Tulichimba mimi na Lukali, ambaye siku hiyo hakufanya mzaha tena, alitema mate tu kila baada ya majembe matatu. Nilikata mgomba, nikaufunga katika mkeka. Utomvu ulinimwagikia kwenye shati langu jeupe la ualimu, na kila mtu wa kwetu anajua utomvu wa mgomba hautoki. Unakuwa mweusi na unabaki mweusi. Kisha nikamfuata Mwavita. Nilimkumbusha Salamabila. Nilimwambia bila picha hii hakuna jina. Akaja, akapiga magoti mahali nilipomwonyesha kwa kidole, na mimi na Lukali tukaubeba mkeka mabegani, tukashika kamba za kuushushia. "Sasa kulia," alisema Bwana Jua. Hakulia. Alinitazama mimi, na mabega yake yakatetemeka, na mashine ikanguruma. Makala inasifu mabega hayo kwa aya nzima: inaita hiyo huzuni iliyozuiwa na mwongozaji stadi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ilikuwa hasira.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi mvua zinapoelekea mwisho. Nilimtumia Mwavita habari, tena kwa fahari, kwamba itaonyeshwa kwanza Kasongo, katika uwanja wa mpira. Yeye na Feruzi walitembea siku nne. Niliwaweka mbele kabisa, nikawaletea mkeka wa kukalia. Kitambaa kilipofungwa, Bwana Jua akanipa karatasi iliyopigwa taipu, maneno yote niliyotakiwa kusoma. Nilitafuta jina. Halikuwamo. Nikamuuliza kwa Kifaransa, na jina la marehemu je? Alikuwa akifuta kioo cha mashine kwa leso. "Katika filamu yangu kuna jina moja," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Soma kilichoandikwa." Magharibi ilipokwisha, Lukali akawasha, na juu ya kitambaa likatokea hilo jina moja, kubwa, peke yake. Nilihesabu mpaka tano nikingoja la pili. Kisha nikaanza kusoma.

Nilisoma vizuri. Nilikuwa na sauti ya darasa, na uwanja wote ulinisikia. Watu walishangilia wavuvi wa Nyangwe, wakaitana kwa majina walipotambuana. Kisha kikaja kijiji, na mkeka mabegani, na mimi nikasema kama ilivyoandikwa: "Huyu ni Tumbo, mulevi. Alikimbia sindano ya daktari. Tazameni, pombe imemuzika." Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Vijana wa nyuma wakaanza kuimba, "Tumbo! Tumbo!" Mwavita akasimama. Alisimama ndani ya mwanga wa mashine, kivuli chake kikaangukia kitambaa, juu ya kaburi na juu yake mwenyewe aliyepiga magoti.

"Haitwi Tumbo! Huyu ni Amisi—"

"Mama, ikaa! Unatuziba!"

"Toa kichwa, we mama!"

"Amisi Lubunga! Mwalimu, mutaje! Ulisema utamutaja!"

Bwana Jua alinyoosha mkono, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Nami nilikuwa na mistari sita iliyobaki. Ningeweza kunyamaza, kunyamaza tu kungetosha, kwa sababu alikuwa akisema yote, jina, na baba, na migono. Nilisoma mistari sita. Mimi nilikuwa na mikrofoni, yeye alikuwa na kifua chake tu, na nilimshinda.

Baadaye alikuja kwenye lori. Hakuja kwangu. Alisimama mbele ya Bwana Jua, aliyekuwa akirudisha filamu katika kopo lake, akamuuliza ni nani aliyetunga maneno yale. Lukali ndiye aliyemfasiria. Bwana Jua hakuinua macho. Alinionyesha kwa kidevu. "Maneno? Ya Mwalimu. Yeye kutunga." Kwa mwaka mzima nilikuwa nimengoja aseme hivyo mbele ya watu. Mwavita alinitazama kwa muda mfupi, kama mtu anayesoma namba ya nyumba ili asikosee njia siku nyingine. Feruzi akasema, "Basi, jina lako tumelisikia." Lukali aliwapa bukari iliyobaki, hawakuipokea. Walianza safari ya kurudi usiku ule ule.

Niliacha sinema mwezi uliofuata, na ualimu mwisho wa mwaka. Kaye zangu nilizitumia kuwashia moto, kurasa chache kila asubuhi, mpaka zikaisha. Sikuandika hadithi tena. Nilijifunza kujalidi kwa sababu katika kazi hii mtu hasemi chochote.

Nilipokwenda kumzika Mwavita, niliona migomba nyuma ya nyumba, imesongamana, mikungu imeiva mpaka inapasuka na nyuki wanaingia na kutoka. Hakuna aliyeivuna. Feruzi sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo. Alinieleza kwamba tulipoondoka siku ile aliufukia ule mgomba wangu, akapanda chipukizi juu yake, ili shimo lipate mwenyewe na lisitafute mwingine. "Ile ni yako," alisema. "Inazaa kupita zote. Watoto tumewakataza." Tulikula ndani, bukari na kuku, na hakuna aliyenikataza kunawa katika beseni moja nao, lakini nilipowekewa sahani iliwekwa mbali kidogo. Kaburini walimtaja: Mwavita, binti wa fulani, mfinyanzi, mke wa Amisi Lubunga. Udongo ulipoanza kurudi, nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Feruzi aliweka mkono juu ya mkono wangu. "Hapana, Mwalimu. Sauti yako tuliisikia zamani."

Kwa hiyo sibishani na mwandishi wa makala. Kama anataka mtunzi mmoja, amchukue wake, na achukue pamoja naye sardini, na kidevu kilichonionyesha, na "hapana kulia sasa". Ninachobishia ni hesabu. Jana nilimaliza kushona kile kitabu kinene. Katika toleo la saba, mbele ya picha, nilishona karatasi moja ya ziada, ya ukubwa ule ule, nikaikata kingo zilingane na nyingine. Nilizihesabu kurasa, na kwa mara ya kwanza zilikuwa zimeongezeka. Mwalimu mgeni amekuja leo asubuhi, akakipima kwa mkono, akasema ni kazi safi, akaondoka nacho bila kukifungua. Kwenye karatasi ile nimeandika kwa wino, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maneno haya tu:

Aliyezikwa siku hii ni Amisi Lubunga, mwana wa Lubunga Kasimu, msuka migono. Katika picha hayumo. Ndani ya mkeka ni mgomba. Aliyeufunga ni mimi.